Fedha ya ovaloki iliponunua lenzi

Fundi cherehani mmoja wa Barabara ya Nane, Ngamiani, jijini Tanga, alikuwa na Sh800,000 mkononi kikoba chao kilipovunjwa mwezi wa nane. Fedha hizo zilikuwa na kazi moja tu. Alitaka ovaloki, ile mashine ya kumalizia kingo za nguo, ili aachane na kubeba magauni ya wateja hadi kwa jirani na kulipia kila kipande. Alikuwa ameisubiri mwaka mzima. Ndipo binti yake wa kwanza, mwenye umri wa miaka 23, alipomwambia kwamba anahitaji lenzi.

“Kamera si ulishanunua?” mama akauliza.

Swali lilikuwa la haki. Kamera ilikuwapo, Canon 700D iliyonunuliwa mkononi kwa mtu, ikiwa na lenzi yake ya mm 18 hadi 55, na picha ilikuwa inapiga. Kwa mzazi ambaye kamera anayoijua ni ya simu, kuomba lenzi nyingine ni kama kununua feni leo na kesho kurudi kuomba fedha ya mapanga yake.

Lakini mama alikuwa na habari ambayo binti hakujua kwamba anayo. Jirani alishamnong’oneza kilichotokea mwezi wa sita. Binti alipiga picha za sendoff, akapewa nusu ya malipo, na alipopeleka kazi akaambiwa picha za kucheza zote zina ukungu. Shangazi wa bibi harusi akatoa simu yake na kuonyesha zake, na kweli zilikuwa safi zaidi. Nusu ya pili haikulipwa mpaka leo.

Jambo hilo lilikuwa linagusa zaidi ya siku moja ya kazi. Tanga, kama pwani yote, ina sherehe ambazo mpiga picha mwanamume haingii: singo, kitchen party za ndani, ukumbi wa wanawake baada ya nikahi. Mwanamke mwenye kamera na mdomo uliofungwa, ambaye picha za wake za watu hazitoki kwake kwenda mitandaoni, anatafutwa. Binti alikuwa ameanza kujulikana hivyo. Sifa kama hiyo huchukua miaka miwili kujengwa, na shangazi mmoja mwenye simu nzuri anaweza kuimaliza jioni moja.

Kwa hiyo mama hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, “Nieleze kama unamweleza mteja asiyejua kitambaa.”

Binti akamweleza kwa dirisha. Mama hushona karibu na dirisha, na ikifika saa kumi na mbili jioni uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi hauonekani tena. Lenzi nayo ina tundu, na ukubwa wa tundu huandikwa kwa herufi f na namba. Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu namba inakwenda kinyume: namba ndogo ni tundu kubwa. Lenzi aliyokuwa nayo inaanzia f/3.5 ikiwa haijavutwa, na ikivutwa hadi mwisho tundu linabaki f/5.6. Lenzi aliyokuwa anaiwaza inakaa kwenye f/2.8, ivutwe isivutwe. Kutoka f/5.6 hadi f/2.8, mwanga unaoingia ni mara nne.

Mara nne hiyo ina maana gani ukumbini? Pale ambapo kamera ililazimika kuacha mwanga uingie kwa sehemu moja ya 30 ya sekunde, sasa sehemu moja ya 120 inatosha. Mtu akiwa amekaa, tofauti haionekani. Mtu akiwa anacheza, kwa muda ule wa kwanza mkono wake unakuwa umeshahama, na picha inatoka na kitu kama moshi mahali pa vidole. Inawezekana kuilazimisha kamera ione gizani kwa kupandisha ISO, lakini ikipanda sana, hasa kwa kamera ya umri ule, picha hujaa chenga kama televisheni iliyopoteza stesheni. Fleshi nayo inasaidia, ila chumba cha singo chenye ukuta wa kijani na dari la kijani humrudishia bibi harusi uso wa kijani.

“Si wanasema kuna lenzi zisizotikisika?” mama akauliza, maana alishasikia hilo kwa kijana wa jirani.

Zipo. Kituliza mtikisiko ndani ya lenzi hutuliza mkono wa anayepiga. Hakitulizi mguu wa anayecheza. Wauzaji wengi hulipita hilo haraka, na mzazi anayetaka kumnunulia mtoto lenzi afadhali alishike kabla hajaingia dukani.

Hadi hapo mama alikuwa ameelewa kwa nini lenzi. Bado hakuelewa ipi, na binti naye, kusema kweli, hakuwa ameelewa. Alichokitaka kilikuwa lenzi ya kuvuta ya mm 24 hadi 70 yenye f/2.8, kwa sababu ndiyo aliyoiona kwa wapiga picha wakubwa waliotoka Dar es Salaam. Ni lenzi yenye heshima yake. Bei yake, hata iliyotumika, ilikuwa inavuka Sh800,000 kwa mbali, na binti alikuwa tayari kukopa kiasi kilichobaki.

Mama akauliza swali ambalo fundi cherehani yeyote angeuliza. “Chumba cha singo kina ukubwa gani?”

Kamera kama ile ya binti ina sensa, kile kibamba kinachopokea mwanga, ndogo kuliko filamu ya zamani ya mm 35. Kwa Canon za aina hiyo, lenzi huonekana kama imevutwa mara 1.6 zaidi ya namba yake; kwa Nikon ni mara 1.5. Lenzi inayoanzia 24, kwenye kamera ile, inaona kama lenzi ya 38. Wale wapiga picha wa Dar es Salaam wana kamera za sensa kubwa, na kwao 24 ni 24 kweli.

Mama akavua futi yake shingoni wakapima chumba cha mbele. Kutoka ukuta hadi kiti cha upande wa pili zilikuwa mita tatu. Kisha wakafanya jambo ambalo halikugharimu hata senti: binti akaweka ile ile lenzi yake ya zamani kwenye 24, akaacha kugusa pete ya kuvutia, akaegemea ukuta na kupiga. Picha ilichukua upana usiofika mita tatu. Akarudisha hadi 18, ikachukua karibu mita tatu na robo tatu. Lenzi inayoanzia 17 ingefika karibu mita nne kutoka pale pale. Tofauti ya 17 na 24 ni mita moja na kitu kidogo, na katika singo mita moja ni mashangazi wawili, ambao wakikatwa kwenye picha hawasahau.

Usiku huo binti alikwenda kwa binamu yake mwenye kompyuta. Kila picha ya kamera ya kidijitali hubeba kumbukumbu ya lenzi ilivyokuwa imewekwa; kwenye Windows unabofya picha kwa kitufe cha kulia, unafungua sifa zake, na urefu wa lenzi umeandikwa humo pamoja na kasi na ukubwa wa tundu. Hakuhesabu picha zote. Alihesabu zile tu ambazo wateja wa sherehe tatu walizichagua kwa albamu, maana hizo ndizo zilizolipiwa. Zaidi ya nusu zilikuwa kati ya 18 na 24. Zilizobaki nyingi zilikuwa 40 hadi 55: nyuso, hina ya mikononi, mama akimfunga mtoto mkufu. Alichokuwa akikitamani, yaani kuvuta hadi 70 au 100, wateja hawakuwa wakikilipia.

Hesabu hiyo iliondoa lenzi kadhaa mezani kwa mpigo. Ile ya 24 hadi 70 iliondoka. Ile ya 18 hadi 135, ambayo ni nzuri kwa safari, nayo ikaondoka, kwa kuwa ikivutwa tundu lake linarudi kule kule kwenye f/5.6. (Mzazi anayetaka kumpiga picha mwanawe akicheza mpira uwanjani saa kumi jioni afikirie kinyume kabisa. Jua lipo, mtoto yuko mbali, na lenzi hiyo itamfaa kuliko ya mpiga picha wa harusi.) Ile ya mm 50 isiyovutika, yenye f/1.8, ni rahisi kuliko zote na tundu lake ni kubwa zaidi, lakini kwenye kamera ile inaona kama ya 80. Katika chumba cha mita tatu itakupa uso mmoja, na mwenye uso huo asisogee.

Zikabaki za 17 hadi 50 au 55 zenye f/2.8. Canon wana yao, Tamron wana yao, Sigma wana yao. Ya Canon ndiyo ghali. Binti akaandika majina yote matatu kwenye karatasi.

Baba mtu, dereva wa lori, alipigiwa simu akiwa foleni ya mpakani Horohoro. Yeye aliona wote wawili wanakosea. “Kwa nini asiuze hiyo kamera mkanunua mpya? Na hizi za kioo si nasikia zinakufa?”

Baba hakuwa amekosea habari. Tangu mwaka 2018, Canon na Nikon wamezielekeza nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo ndani. Lakini hilo hilo ndilo lililoshusha bei za lenzi zilizotumika, kwa sababu wanaohamia huko wanauza walizonazo. Canon wenyewe wanatengeneza kiunganishi cha kuvalisha lenzi za zamani kwenye kamera mpya. Na kamera mpya yenye lenzi ile ile ya f/5.6 ingempa binti picha zenye chenga kidogo zaidi na mashaka yale yale. Alichokiri binti, na hapa alimfurahisha baba yake, ni kwamba lenzi hizi za sensa ndogo hazitamfuata vizuri siku akihamia sensa kubwa, kwa sababu hazifiki pembeni. “Nataka inifanyie kazi miaka mitatu, baba,” akasema. Baba akasema mama yake ndiye mwenye fedha.

Mama alikwenda Kariakoo mwenyewe pamoja naye. Walipanda basi la alfajiri, binti akiwa na kamera yake mkobani. Mama alisisitiza hilo: hakuna fundi anayenunua cherehani bila kuijaribu kwa kitambaa chake.

“Shikamoo mama, karibuni,” kijana wa dukani akasema.

“Marahaba, baba.”

Kijana alitoa kwanza lenzi kubwa ya 24 hadi 105. “Hii ndiyo ya kazi, mama. Unaona mstari mwekundu?”

“Mstari unaingiza mwanga?” mama akauliza.

Ilikuwa f/4, na inaanzia 24. Ikarudi kabatini. Kijana akatoa Sigma mbili za 17 hadi 50. Ya kwanza karibu aitoe ya Nikon, maana lenzi hizo hutengenezwa kwa kamera za aina mbalimbali na kwa nje zinafanana. Kinachotofautiana ni pete ya chuma ya nyuma inayoshika kamera. Binti aliigeuza akaona. Mzazi anayenunua zawadi peke yake, bila kamera mkononi, hapo ndipo fedha yake hupotelea.

Ya Canon waliyopewa baadaye ilikuwa rahisi kuliko mwenzake kwa Sh100,000. Binti akawasha tochi ya simu, akaipitisha upande mmoja wa lenzi na kuchungulia upande wa pili. Ndani, pembezoni mwa kioo, kulikuwa na nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui.

“Vumbi hilo, dada, halitokei kwenye picha.”

Vumbi kidogo kweli halitokei, na lenzi iliyotumika isiyo na hata chembe ni nadra. Lakini vumbi ni vitone. Nyuzi ni fangasi, na fangasi hukua na kula rangi ile laini iliyopakwa juu ya kioo. Mama alichungulia naye. “Hii imelala bila kupunga hewa,” akasema, “kama nguo iliyokunjwa mbichi.” Alikuwa amepatia kabisa.

Ya pili kioo chake kilikuwa safi, ila mpira wa pete ya kuvutia ulikuwa umelika kwa vidole vya mwenye nayo. Hiyo haikumtisha mama. Cherehani iliyotumika huonyesha ilikotumika. Binti akaivalisha kwenye kamera yake, akafungua f/2.8 na kutazama mahali pa kuijaribia.

“Piga mshono,” mama akasema, akanyoosha mkono wa baibui lake. Nyeusi juu ya nyeusi, uzi uliopita juu ya pindo. Kamera hutafuta fokasi kwa tofauti ya mwanga na giza, na kitambaa cheusi huinyima tofauti hiyo; mtihani mgumu kuliko huo haukuwapo dukani. Alipiga kwa 17, kwa 35, kwa 50, akakuza kila picha kiooni. Kwa 50 ya kwanza fokasi iliangukia nyuma ya mkono. Akarudia mara kumi. Nane zilionyesha uzi ukiingia na kutoka kwenye kitambaa. Akaomba taa ya juu izimwe, akarudia tena, ikakosa tatu. Mama akahesabu mishono kwa inchi moja kwenye picha na akaridhika na kazi yake mwenyewe.

Bei ilianzia Sh750,000. Mama ndiye aliyeshuka nayo, taratibu, kama anayenunua jora, hadi Sh680,000 pamoja na kofia ya lenzi ya kuzuia jua, na wiki mbili za kurudisha zikiandikwa kwenye risiti kwa mkono na kugongwa muhuri. Njiani walinunua kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, kwa sababu hewa ya Tanga ndiyo hiyo hiyo iliyoiharibu lenzi ya kwanza, popote ilipokuwa imelala. Mkoba wa ngozi kabatini ni nyumba nzuri ya fangasi. Lenzi inayotoka kazini kila wiki huugua mara chache.

Kazi ya kwanza ilikuwa singo, Chumbageni, na lenzi mpya ilileta tatizo ambalo ya zamani haikuwa nalo. Binti alifurahia f/2.8 hadi akapiga karibu kila kitu kwayo. Nyumbani, alipofungua picha, bibi harusi alikuwa safi hadi kope, na mama mkwe aliyekaa kidogo nyuma yake alikuwa ameyeyuka. Kwa 50, mita moja na nusu kutoka kwa mtu, tundu la f/2.8 hushika safi kina cha takribani sentimita kumi tu. Pua hadi sikio. Anayekaa nyuma ya hapo hayumo. Bahati ilikuwa kwamba za kundi alizipiga kwa 17, ambako kina ni kikubwa zaidi, na nyingi zikatoka. Tangu hapo watu wakiwa wawili hushuka hadi f/4, wakiwa mistari miwili f/5.6 na fleshi, na f/2.8 huiwekea ngoma na nyuso.

Jingine ni uzito. Lenzi hiyo ina gramu 565, karibu mara tatu ya ile ya zamani, na baada ya saa sita za kesha shingo husema. Mama alichukua kipande cha turubai kilichobaki kwenye oda ya mtu, akakishonea sponji ndani, na kamera ikapata mkanda mpana kuliko wowote wa dukani. Wapiga picha wawili wameshauliza unauzwa wapi.

Ovaloki haijanunuliwa bado. Magauni yanaendelea kwenda kwa jirani, na zipo siku mama huyabeba bila kusema neno, jambo ambalo binti analiogopa kuliko maneno. Katika daftari la vipimo vya wateja, baada ya kurasa za kifua, kiuno na urefu wa mikono, kuna ukurasa ulioandikwa juu yake “Lenzi”. Kila sherehe inaandikwa Sh60,000. Zimeandikwa saba. Zimebaki Sh260,000, na arbuni ya harusi mbili za Desemba imeshapokelewa.